Sahani yako haijarudi

Mombasa, Julai

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Na kilio chako kimefika pia, maana ulipiga simu kutoka huko Nairobi saa nne za usiku, ukaniuliza swali moja, ukakata. "Mama, hawa watu wananichukia au ndivyo walivyo?" Sikutaka kukujibu palepale. Swali kama hilo likijibiwa kwa simu, mtu huishia kusema "utazoea tu", na mimi nilipoambiwa hivyo mwaka 1989 haikunisaidia kitu.

Nimeusoma tena ujumbe wako mrefu wa wiki iliyopita. Keateka, mwangalizi wa nyumba za ploti yenu, ulimwamkia shikamoo, akakujibu "poa, madam". Msichana wa ofisini kwenu alikwambia "nakuja", akachukua mkoba wake akaenda, nawe ukamngoja mpaka chakula kikapoa. Makanga, mkusanya nauli wa matatu. Kila mtu kukuuliza kwenu ni wapi, na ukisema Mombasa hawatosheki. Halafu lile la jirani na sahani ya mahamri. Najua hilo la sahani ndilo lililokutoa machozi, kwa hivyo nitalifikia polepole.

"Nakuja" si uongo. Mtu wa Nairobi akisema "nakuja" huku amekupa kisogo, maana yake atarudi. Lini, hilo hajasema. Akisema "niko njiani", bado yumo bafuni. Akisema "nimefika hapo kwa raundabauti", ndio kwanza anatafuta ufunguo. Usicheke, nawe utakuwa hivyo. Mimi likizo yangu ya kwanza nilimwambia bibi yako "nakuja" nikashika mlango, akaniuliza, "Waja vipi, nawe wenda?" Nikakosa jibu.

Kiswahili chao kisikutie hasira. Ngeli zote wamezitia gunia moja: maji imekuja, gari imejaa, viatu yangu. Mtu akikwambia mezani "nisaidie na chumvi", hana shida yoyote, anataka chumvi. Nilipokuwa mgeni nilikuwa nikiwasahihisha, mpaka fundi mmoja akaniambia, "Mama wa Coast, sisi hapa tunaongea ili tusikizane." Nikaacha. Na kweli, ukutane na watu wa makabila arubaini na zaidi kwenye foleni moja ya maji, nani ana nafasi ya kupanga ngeli? Sheng nayo, lugha ya vijana wa mji, ilizaliwa hivyohivyo huko Eastlands, mitaa ya mashariki, kwa watoto wa nyumba jirani wasiosikilizana kwa lugha za mama zao.

Shikamoo, nakubali, huko haina mwenyewe. Lakini mtazame mtu wa Nairobi akiingia mahali penye watu: atazunguka chumba kizima akimpa kila mmoja mkono, hata asiyemjua, hata aliye na kijiko mdomoni. Sisi heshima yetu iko kwenye ulimi. Yao iko kiganjani. Huyo keateka, siku nyingine mpe mkono kwanza.

Unasema umepotea mara mbili kwa sababu uliambiwa ushukie mahali ambapo hapapo. Odeon na Globe yalikuwa majumba ya sinema. Usitafute picha wala kiti, ulizia matatu tu. Githurai 44 na Githurai 45 si hesabu ya ploti, ni namba za magari yanayokwenda huko. Mahali huitwa kwa kitu ambacho mtu wa kwanza alikiona, na kitu kikiondoka jina linabaki. Ukielekezwa, uliza "stage inaitwaje", usiulize barabara. Jina la barabara hata wao hawalijui.

Sasa makanga. Umeandika kwa hasira kwamba ulimpa noti ya mia mbili, akakaa na chenji yako safari nzima, na uliposhuka akakutilia mkononi noti ya mia moja, akakuonyesha kijana usiyemjua na kusema, "Mgawane na huyo." Gari likaondoka. Mwanangu, nilicheka mpaka babako akaja kuuliza kuna nini. Nilidhani M-Pesa, tangu ilipoingia mwaka 2007, imeyamaliza hayo. Kumbe bado!

Ngoja nikwambie. Makanga anaanza safari bila sarafu. Anazikusanya kiti kwa kiti, ndiyo maana chenji huja mwishoni, na zisipotosha anawaoza abiria wawili kwa noti moja. Mwaka 1991 nilishushwa karibu na soko la Gikomba na mwanamke mmoja wa Ukambani aliyebeba gunia la mitumba kichwani, sisi wawili na noti moja ya shilingi ishirini. Hana sarafu, sina sarafu. Tukasimama kando ya barabara tumeishika noti huku na huku kama watoto waliopewa peremende moja. Mwishowe tukaingia kibanda cha chai ili ivunjwe. Chai mbili, mandazi mawili. Mpaka chenji iletwe, nilikwisha kujua kwamba ana cherehani mbili na mshonaji wake wa pili ameolewa Machakos. Jumatatu iliyofuata nilikuwa kwenye cherehani ile nikipunguza suruali za mitumba. Miaka kumi na mmoja nimeshona Gikomba, na karo ya kaka yako ikatoka hapo, kwa sababu ya makanga asiyekuwa na chenji. Huyo kijana wako wa mia moja mlimalizana vipi? Hukuniambia.

(Nauli kupanda mvua ikinyesha usiniulize. Barabara zikifurika gari linapiga raundi mbili badala ya nne, na mwenye gari anataka pesa zake zilezile jioni. Ukiona wingu, toka ofisini mapema.)

Hili la "kwenu ni wapi" ndilo lenye mambo. Wanapokuuliza, hawakuulizi unapolala. Wanauliza utazikwa wapi. Usishtuke, ndivyo lilivyo. Mji ule ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, mahali Wamaasai walipopaita pa maji baridi, katikati ya safari ya kutoka hapa kwetu Mombasa kwenda Uganda. Serikali ya mkoloni ilimtaka Mwafrika pale kwa mikono yake tu. Mwanamume alikaa na kipande chake, kile kitambulisho cha kazi, kimening'inia shingoni, akapewa kitanda katika chumba cha wanaume, mke na watoto wakabaki mashambani. Kazi ikiisha, arudi alikotoka. Ni mji uliojengewa watu wasiotakiwa kukaa. Uhuru ulikuja, masharti yakaondoka, mazoea yakabaki: mtu anaishi Nairobi miaka thelathini, ukimuuliza nyumbani anakutajia kijiji.

Mimi nililijua hilo kwa redio kabla sijakanyaga huko. Alikufa wakili mmoja, S.M. Otieno, Desemba ya 1986. Mkewe, Wambui Otieno, alitaka kumzika shambani kwao Matasia, upande wa Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukasema hapana, azikwe Nyalgunga kwa wazee wake. Kesi ilisikizwa nchi nzima, miezi mitano maiti haijazikwa, na kila baraza ya kahawa hapa Mjini watu walikuwa mawakili. Katika ile kesi walibishana sana juu ya nyumba na nyumbani: kwamba mjini mtu ana nyumba, nyumbani ni kwingine. Ukoo ulishinda, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Nilimwambia bibi yako, hawa watu wana mambo. Miaka miwili baadaye babako akapata kazi huko, nami nikawa miongoni mwao.

Si wote, lakini. Chumba chetu cha kwanza kilikuwa Pumwani, Majengo, kwa bibi mmoja wa Kiislamu aliyezaliwa mle mle. Akiulizwa kwao ni wapi alikuwa akipiga chini kwa mguu: "Hapa!" Wapangaji walicheka, wakadhani anaficha kabila lake. Wanubi wa Kibra nao, wajukuu wa askari wa Mwingereza, watakwambia vivyo hivyo. Na wewe, kama umechoka kuulizwa, sema ulizaliwa hukohuko Nairobi, maana ni kweli, ingawa tuliondoka ukiwa mgongoni. Utaona watakavyonyamaza.

Haya, sahani.

Ulimpelekea jirani mahamri na mbaazi, akapokea mlangoni, akasema "asante sana", akafunga. Wiki ya tatu sahani haijarudi. Kwetu sahani hairudi tupu, na isiporudi kabisa ni kama mtu amekutukana, hilo naelewa. Mimi nilifanyiwa jingine. Tulipohamia mtaa wa Umoja mwaka 1993, ikaja Ramadhani, nikampelekea jirani wa mlango wa pili sambusa kumi zimefunikwa kitambaa. Yeye ni wa Murang'a, mwanamke wa maneno machache. Siku ya nne akagonga. Sahani imeoshwa inang'aa, na juu yake noti imekunjwa. Akaniuliza, "Ni pesa ngapi, Mama?"

Nililia, mwanangu. Babako alicheka, nikazidi kulia. Nilijiona kama nimefanywa mchuuzi. Sikujua kwamba katika zile ploti anayegonga mlango na chakula anauza: chapati, mandazi, sambusa, watu wanatafuta kodi ya nyumba. Yule mama alikuwa amekaa siku nne akisumbuliwa na deni ambalo halikuwepo. Nilipomwambia ni zawadi, alisimama pale na noti yake hajui aitie wapi. Nadhani nilimwonea zaidi kuliko alivyonionea.

Hakuwahi kukaa kitako sebuleni kwangu. Miaka tisa. Hakuniuliza nimelalaje, nimeamkaje, mtoto hajambo. Lakini unajua Umoja na maji. Mfereji ulikuwa mmoja uani, maji yanakuja saa anazotaka Mungu. Usiku mmoja saa tisa, mlango ukagongwa kwa ngumi, nikadhani majambazi. "Mama! Maji imekuja!" Nikatoka na leso, nikakuta mitungi yangu miwili ya njano, niliyoiacha nje tupu, iko kwenye foleni mbele ya yake. Alikwisha kuisukuma. Alinionyesha tu kwa kidevu, akaendelea kukinga. Tangu usiku ule maji hayakuja hata mara moja asinigongee. Hata siku tulizokuwa tumegombana kwa ajili ya kamba ya nguo.

Na Desemba ilipofika akaenda zake, kama wote. Ukitaka kuwaona watu wa Nairobi sawasawa, nenda stendi za mabasi tarehe 23 mwezi huo: nauli mara mbili, magodoro juu ya magari, kuku, watoto wamevaa viatu vipya. Wiki nzima ploti ilikuwa yangu na keateka. Januari akarudi na kiondo kimevunja shingo. Alikuja kwangu kabla hajafungua kwake: nduma, ndizi, maparachichi makubwa kama kichwa cha mtoto. Akaomba sahani. Nikamletea ileile ya sambusa, akaijaza mpaka zikawa zinaanguka. "Hii ni ya nyumbani," akasema. Kila Januari ikawa hivyo mpaka tukarudi huku mwaka 2002.

Basi sahani yako usiidai. Usiulizie, na wala usipeleke nyingine sasa hivi, utamwelemea. Kama ploti yenu ina mgao wa maji, jua siku zake, na siku yakifika wewe wa kwanza, mgongee. Usiseme maneno mengi. Mwambie yamekuja.

Baridi ndiyo hiyo, Julai haina jua, na nyumba zao hazina hata jiko la kupashia mwili moto. Asubuhi ni chini ya nyuzi 15 na wewe unaondoka na shela. Sweta la kijivu la babako nimelifunga pamoja na achari ya embe, chupa mbili, na kaimati kavu. Linaondoka na basi la Ijumaa usiku, kwa hivyo Jumamosi asubuhi utapigiwa simu na namba usiyoijua. Pokea. Atakwambia yuko karibu kufika. Usitoke nyumbani bado.

Mamako