Kwa nini ulimsikia vizuri sokoni, lakini kwenye rekodi haeleweki

Ndugu mleta uzi, umeuliza kwa nini mahojiano uliyoyafanya na wachuuzi wa vitunguu katika soko la Mabibo hayaeleweki unapoyasikiliza nyumbani, ilhali siku ile ulimwelewa kila mmoja wao bila taabu, na kama dawa yake ni kununua kinasa sauti cha bei kubwa. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusikiliza rekodi za watafiti na kuziandika neno kwa neno, na nyingi kati yake hutoka masokoni na stendi za mabasi. Kwa maoni yangu kinasa sauti chako hakina kosa. Kilipokea kelele ileile iliyoingia masikioni mwako. Tofauti ni kwamba wewe ulikuwa na ubongo uliokuwa ukiichambua papo hapo, tena kwa msaada wa mambo ambayo rekodi haikuyahifadhi.

Sauti inayotoka upande wako wa kulia hufika sikio la kushoto ikiwa imechelewa kwa muda usiofikia sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ikiwa imefifia kidogo kwa kuwa kichwa kimeikinga. Tofauti hiyo, ndogo kiasi hicho, huutosha ubongo kumtenga mchuuzi aliye mbele yako na mpiga debe aliye pembeni. Mwaka 1953 mtafiti Colin Cherry wa Uingereza aliwasikilizisha watu habari mbili zilizosomwa kwa wakati mmoja na sauti ya mtu yuleyule. Zilipochanganywa na kupelekwa katika masikio yote mawili, wasikilizaji walihangaika na kulazimika kurudia rekodi mara nyingi ndipo waweze kuzitenganisha. Kila habari ilipopewa sikio lake, waliifuata kwa urahisi ile waliyoagizwa kuifuata, na ile nyingine hata ilipobadilika kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani hawakutambua. Simu yenye maiki moja, ikiwa imelazwa juu ya meza, imekurudisha katika hali ile ya kwanza.

Ulikuwa pia ukimtazama mchuuzi usoni. Watafiti Sumby na Pollack walionyesha mwaka 1954 kwamba kuuona uso wa msemaji humsaidia msikilizaji zaidi kadiri kelele inavyoongezeka, na nadhani wengi wetu husoma midomo sokoni bila kujijua. Zaidi ya hayo, uangalifu wenyewe hubadilisha kile kinachofika ndani. Mwaka 2012 watafiti Mesgarani na Chang, wakipima shughuli za ubongo wa wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa vipima-umeme juu ya ubongo, waligundua kwamba watu wawili wakisema pamoja, sehemu inayoshughulikia matamshi hufuata zaidi sauti ya yule anayesikilizwa, kana kwamba anasema peke yake.

Jambo linalonigusa zaidi katika kazi yangu, hata hivyo, ni kubashiri. Ubongo hausubiri neno likamilike. Hulikisia kutokana na yaliyotangulia, kisha hurudi nyuma na kujirekebisha. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa sababu upatanisho wa kisarufi hurudia habari ileile mara kadhaa: katika sentensi “vitunguu vyangu vyote viliharibika”, honi ikimeza mwanzo wa neno la kwanza, maneno matatu yanayofuata yanakuambia ni ngeli gani. Msaada huo haupo kwenye tarakimu za bei. “Sita” na “tisa” zina irabu zilezile, konsonanti zimebadilishana nafasi tu, na kelele ikizifunika ni rahisi kuyachanganya maneno hayo. Mchuuzi akisema gunia limepanda kwa elfu sita, mrudishie papo hapo kwa sauti yako: “Elfu sita, siyo?”

Kubashiri kuna hatari yake. Mwaka 1970 mtafiti Richard Warren wa Marekani aliondoa sauti moja katikati ya neno akaweka kikohozi mahali pake, na karibu wasikilizaji wote wakasema hakuna kilichokosekana. Alipoacha kimya badala ya kikohozi, pengo lilisikika. Ndiyo maana siwashauri watu waisafishe rekodi kupita kiasi kwa programu za kuondoa kelele, kwani mara nyingi huacha vipande vilivyokatika ambavyo ubongo hauwezi kuviunganisha. Na ndiyo maana mtu akikunong’oneza kwamba mchuuzi anasema “ushuru”, utaisikia “ushuru” wazi kabisa, iwe aliitamka au la. Mimi huomba nisiambiwe lolote kuhusu sehemu yenye utata mpaka niwe nimeandika nilichosikia mwenyewe.

Kuhusu vifaa, fedha yako iende kwenye maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Mahali pa wazi, kila unapopunguza umbali kati ya mdomo na maiki kwa nusu, sauti ya msemaji huongezeka kwa takriban desibeli 6, wakati kelele za mbali hubaki zilivyo. Chagua pia aina ya kelele. Jenereta linalonguruma mbali hunisumbua kidogo kuliko meza ya jirani yenye watu wanaopiga soga kwa Kiswahili, kwa sababu maneno ninayoyaelewa yanagombea nafasi na yale ninayoyatafuta.

Kwa rekodi ulizokwisha kuzipata, zisikilize kwa hedifoni, kipande kwa kipande, usiku au alfajiri wakati nyumba imetulia, na uzishughulikie wewe mwenyewe kabla ya kumpa mtu mwingine, kwa kuwa unakumbuka mazingira na sauti ya kila mchuuzi. Kisha mpe mwenzako asiyejua ulichoandika asikilize sehemu zenye shaka tu. Mnapotofautiana, andika “haisikiki” pamoja na dakika na sekunde zake, na kama sehemu hiyo ni bei au kiasi cha mzigo, mpigie simu mchuuzi umuulize upya.