Sahani ya Krismasi iliyovuka ukuta

Mmeuliza wiki hii: ni sikukuu gani uliyoila ugenini ukajiona uko kwenu? Yangu ni Krismasi ya Trinidad, kisiwa cha Karibi, nilipokuwa masomoni.

Mama mwenye nyumba wangu ni Mhindu. Wazee wake waliletwa kutoka India kulima miwa baada ya utumwa kukomeshwa. Meli ya kwanza ya vibarua hao ilitia nanga mwaka 1845. Wiki chache nyuma alikuwa amewasha vitaa vya udongo vya Diwali uani. Desemba ilipoingia akashusha mapazia, akapaka kuta rangi upya, akaniita jikoni tutengeneze pasteli, chakula kilichotoka Venezuela, ng'ambo tu ya bahari.

Jani la mgomba unalibabua motoni mpaka ling'ae na kulainika, lisije likapasuka. Unalipaka mafuta, unaweka donge la unga wa mahindi, unalibana kwa vibao viwili vyenye bawaba mpaka liwe jembamba kama chapati. Katikati unatia nyama iliyoungwa kwa zeituni na zabibu kavu, unakunja, unafunga kwa uzi, unapika kwa mvuke. Kwake nyama ya ng'ombe haiingii, kwa hiyo tulitia kuku, na kuku huyo alimnunua kwa mchinjaji Mwislamu ili sahani ya kumpelekea jirani Mwislamu isiwe na shaka. Watu huliita jambo hilo kuvumiliana. Mimi naliona neno hilo dogo mno. Anayekuvumilia hakeshi jikoni kwa ajili yako.

Mezani palikuwa na mbaazi mbichi za msimu, nikazikumbuka za nazi za kwetu Tanga, na juisi nyekundu ya choya inayonukia karafuu.

Usiku wakaja waimbaji wa parang, nyimbo za Krismasi za huko, wakiwa na gitaa dogo la nyuzi nne na manyanga. Husimama nje wakiimba kuzaliwa kwa Yesu kwa Kihispania mpaka wafunguliwe mlango. Wahispania walinyang'anywa kisiwa na Waingereza mwaka 1797, nyimbo zikabaki. Mama yule Kihispania hakijui, lakini kiitikio alikiitikia chote, mikono ikiwa bado na unga.

Ile sahani ya jirani ilirudi siku ya Idd, imejaa tambi za maziwa.