Kwa nini seli za NK huitwa wasimamizi wa kinga wakati jina lao ni wauaji?

Mleta mada, umeuliza mambo mawili. La kwanza, inakuwaje seli ya NK, yaani aina ya chembe nyeupe ya damu inayoitwa "muuaji asilia" (kwa Kiingereza natural killer), iandikwe kwenye notsi za mdogo wako kwamba "inasimamia" kinga ya mwili. La pili, kama ule unga wa "kuongeza NK" anaouziwa mama yako una maana yoyote. La kwanza nalijua vizuri kwa sababu liliwahi kuniumbua mbele ya watu.

Nilifanya kazi miaka kadhaa maabara, kwenye mradi wa malaria. Tulitoa damu kwa watu wazima waliojitolea, tukatenga chembe nyeupe, tukazichanganya kwenye pleti ya visima 96 na seli nyekundu zenye vimelea vya malaria vya aina ya falsiparamu, tukaziacha kwenye inkubeta mpaka kesho yake. Tulichokuwa tunapima ni interferoni-gama, mojawapo ya saitokini, yaani zile protini ambazo seli za kinga hutumiana kama ujumbe. Asubuhi unaikuta. Si kwa kila mtu, maana wapo ambao damu yao haikujibu hata kidogo na wapo waliofurika. Ukifuatilia nani kaitoa mapema hivyo, sehemu kubwa ni seli za NK.

Nikajiona mjanja. Nikamwambia msimamizi wangu: kama watendaji ni NK, kwa nini tusiwatenge wakae peke yao, tupate jibu safi? Nikakaa mpaka usiku nikizisafisha, zikatoka safi kweli. Kesho yake, sifuri. Nikadhani vimelea vimekufa. Nikarudia kwa damu ya mtu ambaye kila siku alikuwa anajibu vizuri. Sifuri tena. Msimamizi akaja, akatazama karatasi, akacheka, akaniuliza: "Sasa hao askari wako, nani aliwaambia kuna vita?"

Kumbe katika usafi wangu nilikuwa nimewaondoa wapiga mbiu. Monosaiti na seli za dendriti, ambazo ni chembe nyeupe za aina nyingine, ndizo zinazokutana na kimelea zikatoa saitokini mbili, intalukini-12 na intalukini-18, na NK wakisikia hizo mbili kwa pamoja ndipo wanamwaga interferoni-gama. Intalukini-12 yenyewe, kundi la Giorgio Trinchieri kule Philadelphia lilipoieleza mwaka 1989, liliipa jina la kichochezi cha seli za NK, hilo la namba lilikuja baadaye. Tukaongeza saitokini hizo mbili za chupa kwenye NK wangu safi. Wakajibu kwa kishindo, na wakajibu hivyo hivyo kwenye visima ambavyo havikuwa na kimelea hata kimoja. Hapo ndipo nilipoelewa: seli hii inaamini tangazo. Liwe la kweli au la uongo, ikilipata inaitika.

Sasa ikishaitika, nini kinatokea? Interferoni-gama inarudi kwa makrofeji, yaani monosaiti zilizokomaa zikawa walaji wa vimelea, zinakuwa kali zaidi, zinameza na kuua zilichokimeza vizuri zaidi, na zinatoa intalukini-12 nyingine. Mzunguko unajichochea. Seli nyingine za mwili zikiipata huanza kuonyesha kwa wingi vipande vya protini zao kwenye ngozi ya nje, kama watu wa mtaa kutakiwa kutembea na vitambulisho. Na seli T changa, yaani seli za kinga ambazo kila moja hulenga adui wake maalumu na ambazo bado hazijaamua zitakuwa za aina gani, zinasukumwa kwenye njia ya kupambana na virusi na vimelea vinavyojificha ndani ya seli. Majeshi ya seli T huchukua siku kadhaa kujiandaa. NK hutumia saa. Kwa hiyo anayefika kwanza ndiye anayepanga vita ijayo itakuwa ya mtindo gani, na huo ndio usimamizi unaosemwa kwenye notsi.

Mwambie pia mdogo wako asikariri ule mgawanyo kwamba NK wenye CD56 nyingi (protini ya juu ya seli inayotumika kuwatambua) ni wasemaji na wenye CD56 kidogo ni wauaji. Nusu yake ni kweli: wale wa kwanza ni kama asilimia 10 tu ya NK wa kwenye damu, wamejaa zaidi kwenye tezi za limfu, na saitokini zikiwagusa wanaitika sana. Lakini wale "wauaji" nao wakishika adui moja kwa moja hutoa interferoni-gama, tena ndani ya saa chache. Tofauti ni kwamba huwahi na kunyamaza mapema.

  

Kuna mahali kazi kuu ya NK si kuua na watu wengi hawajui: mfuko wa uzazi. Miezi ya mwanzo ya mimba, wengi wa limfosaiti (kundi la chembe nyeupe ambalo NK na seli T zimo) walioko kwenye utando wa mfuko ni NK, na kazi yao ni kuelewana na seli za kondo la nyuma ili zichimbe vizuri na kupanua mishipa ya damu ya mama. Baadhi ya vipokezi vyao vikichokozwa hutoa saitokini iitwayo GM-CSF, ambayo inazivuta seli za kondo ziendelee kuingia. Zisipoingia vya kutosha, hatari ya kifafa cha mimba inapanda. Dkt. Annettee Nakimuli na wenzake walilifuatilia jambo hili kwa akina mama wa hospitali ya Mulago, Kampala, na mwaka 2015 wakachapisha kwamba kuna jeni za vipokezi vya NK walizo nazo Waafrika, ambazo Wazungu hawana, zinazomkinga mama.

Nikija kwenye unga. Tuseme kweli unaongeza. Unaongeza nini, idadi yao, au kelele zao? Wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya perforini, ile protini ambayo NK na seli T huitumia kutoboa seli adui. Hitilafu hiyo ilijulikana mwaka 1999. Seli zao zinapiga mbiu vizuri tu, ila haziwezi kummaliza anayezichokoza, kwa hiyo mbiu haikomi. Interferoni-gama inajaa, makrofeji zinachanganyikiwa mpaka zinameza chembe za damu za mtoto mwenyewe. Dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ajili yao, emapalumab, inafanya kinyume cha unga wa mama: inaidaka interferoni-gama isifike inakokwenda.

Kwa hiyo mimi nisingetoa hata shilingi. Na ile karatasi ya kipimo aliyopewa mama yako inayosema NK wake "wako chini", hiyo ni hesabu ya damu ya mkononi, haisemi lolote kuhusu walioko kwenye ini au kwenye tezi, wala kama wanajibu wakiitwa. Umesema homa inamrudia kila baada ya wiki mbili tatu na amekonda. Je, ameshapimwa makohozi na sukari, au ameishia kwa muuza unga?