Taa ya breki haiwaki? Usikimbilie balbu

Wewe unayeanza ufundi umeme wa magari, jifunze kwanza njia ya moto, yaani umeme. Kwenye gari la zamani unatoka betri, unapita fyuzi, swichi ya pedali, waya hadi nyuma, balbu, halafu unarudi kupitia hasi iliyofungwa kwenye bodi. Basi.

Magari mengi ya kisasa hayako hivyo. Swichi inapeleka taarifa tu kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayowasha taa. Mara nyingi ndani ya swichi mna njia mbili: ukikanyaga, moja inaunga na nyingine inakata. Zisipokubaliana, kompyuta inajua swichi ina kasoro. Kwenye otomatiki, taarifa hiyohiyo ndiyo inayoruhusu gia itoke P (ya kuegesha). Kwa hiyo mteja akilalamika gia imegoma, mwambie akanyage breki, wewe zunguka nyuma utazame taa, maana zote mbili zinategemea swichi hiyo.

Nilipokuwa mgeni kazini, niliwahi kubadilisha balbu mbili bure kwenye gari moja. Kwenye soketi tupu mita ilisoma volti 12, lakini nikirudisha balbu inafifia, na kila breki ikikanyagwa indiketa ya upande ule nayo inawaka kwa mbali. Nilipofungua boliti ya hasi nyuma ya taa, nikakuta kutu imekula chini ya rangi. Umeme ulikosa pa kurudia, ukajipenyeza kwenye balbu ya jirani. Nilikwangua mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, taa ikawaka vizuri.

Ndiyo maana nasisitiza: pima balbu ikiwa mahali pake na pedali imekanyagwa. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75, ila mita haivuti chochote cha maana, hivyo hata waya uliobaki uzi mmoja utakuonyesha volti 12. Ncha moja iweke kwenye hasi ya soketi, nyingine kwenye hasi ya betri. Ukisoma volti 1 au zaidi, shida iko kwenye hasi.

Na taa iliyofifia usiiachie itoke gereji. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, gari la nyuma linakula karibu mita 28 kila sekunde, na dereva wake anaitegemea taa hiyo.