Msumeno unanirukia
Swali: Fundi, nimenunua msumeno wa umeme wa mkono. Nikikata mbao ya saiprasi unanirudia kifuani. Nitafute mafunzo au nitazoea? – Msomaji, Kondele, Kisumu

Jibu: Hilo usilizoee, ndugu yangu. Nadhani mbao umeiegemeza ncha zote mbili. Katikati inabonyea, mkato unajifunga na kubana diski yenye meno. Acha kipande kinachokatwa kianguke chenyewe. Meno yatokeze chini ya mbao kidogo tu, na chomoa waya kabla ya kurekebisha. Glovu vua: yangu ilinyakuliwa na drili, ukucha ukaenda nayo. Mafunzo? Tafuta fundi wa samani pale soko la Kibuye, hapo Kisumu, mlipe akufunze Jumamosi mbili, uende na msumeno wako mwenyewe. Ukimkuta anakata amevaa ndara, mpite.