Paka anatapika baada ya kuanza dawa ya thairoidi

Dada uliyeuliza kuhusu paka wako wa miaka 13 anayetapika wiki ya pili ya methimazoli (dawa ya kushusha homoni ya thairoidi iliyozidi): si ajabu, huwatokea baadhi yao mwanzoni. Ila usimkatie kidonge nusu mwenyewe, hasa kile chenye ganda. Mpigie daktari wa mifugo: anaweza kupunguza dozi au kukupa ile ya kupaka ndani ya sikio (vaa glavu, inapenya hata ngozi yako). Akijikuna uso hadi vidonda au akigoma kula kabisa, usimpe dozi nyingine, mpeleke siku hiyohiyo. Damu ipimwe baada ya wiki 2 au 3, na figo pia, maana thairoidi ikiwa juu huficha figo mbovu. Figo mbovu ya paka wangu iligundulika hivyo.