Mwanangu, hiyo namba yako ya tarakimu 20

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliiona usiku ila kuchapa manamba kwenye kisimu hiki na macho yangu haya ni kazi, nikasubiri kukuche. Umeuliza kama hiyo 18446744073709551615 mnayokutana nayo kazini kwenye kompyuta ni namba tasa, na kama sio, inavunjwaje bila mashine. Yaani mtoto wa mwalimu wa hesabu unaniuliza namba inayoishia na 5 kama ni tasa? Haya, nimecheka yameisha. Kwa 5 inagawanyika, na ukijumlisha tarakimu zake zote unapata 87, kwahiyo 3 nayo imo, 9 haimo.

Ila huko ni kuchungulia mlangoni tu. Hiyo ni 2^64 toa 1 (kikofia ni kipeo), ndo biti 64 (vile visanduku vya kompyuta vya 0 au 1) zote zikiwa moja, hakuna kubwa kuliko hiyo inayoenea humo. Sasa chukua bao letu hapa Kongwa, mashimo 32, weka chembe 1 ya mtama shimo la kwanza, la pili 2, la tatu 4, unadabo hivyohivyo mpaka la mwisho, jumla yote 4294967295. Nikikadiria chembe elfu moja zina gramu 30 hapo ni kama gunia 1,290 za kilo mia, na sisi mwaka huu tumepata nane. Unganisha mabao mawili, mashimo 64, ndo unaipata namba yako.

Na kuivunja ni ile tofauti ya miraba miwili iliyokutoa machozi fomu two. 2^64 ni mraba wa 2^32, kwahiyo namba yako ni (2^32 toa 1) mara (2^32 ongeza 1), yaani 4294967295 mara 4294967297. Hiyo ya kwanza inabomoka kwa njia ileile, 65535 mara 65537, halafu 65535 ni 255 mara 257, 255 ni 15 mara 17, unaishia na 3, 5, 17, 257 na 65537, tasa zote.

Kimbembe ni 4294967297. Kuna Mfaransa Fermat mwaka 1640 aliamini 2^1, 2^2, 2^4, 2^8, 2^16, 2^32 na kuendelea, ukiongeza 1 kila moja, unapata tasa tupu, na hizo tano za mwanzo ni tasa kweli ndo hizohizo nimekuandikia hapo juu. Mwaka 1732 mwanahesabu Mswisi, Euler, akaonyesha ya sita inaingiwa na 641. Na hakubahatisha, alijua kigawo chochote tasa cha namba hiyo lazima ukikigawa kwa 64 kibaki 1, kwahiyo jaribu 193, 257, 449, 577, ya tano ni 641, jioni moja imeisha na chai haijapoa.

Mimi huwa naihakiki bila hata kugawa. 5 mara 128 (yaani 2^7) ni 640, imepungukiwa 1 kufika 641. Ipandishe kipeo cha 4, upungufu unageuka ziada maana hasi ikizidishwa yenyewe mara nne ni chanya, kwahiyo 625 mara 2^28 ukigawa kwa 641 inabaki 1. Lakini 625 ni 641 toa 16, na 16 mara 2^28 ndo 2^32 yenyewe, maana yake hasi 2^32 inabaki 1, basi 2^32 inapungukiwa 1 ileile, iongezee na inagawanyika pasipo baki. Hapo mpaka leo nasisimka aisee.

Ukigawa 4294967297 kwa 641 unapata 6700417, nayo tasa, kwahiyo jumla una saba, zizidishe kwa peni usiguse simu.

Mama yako kakutumia unga wa mtama kwa basi la kesho. Na huko pwani ukiona komwe nitafutie, kete zetu zilikuwa 64 wajukuu wamepoteza tatu, 61 ni tasa kweli ila bao halichezeki.